Uzoefu wangu: Daktari wa mifugo aliyefika nyumbani kumtibu tetea wangu aliyeziba kifuko cha chakula

Nafuga matetea saba nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na ninaandika kuhusu huduma ya daktari wa mifugo wa kujitegemea aliyefika kwangu mara tatu kumtibu mmoja wao, chotara wa miaka miwili ambaye ndiye mtagaji wangu bora. Nilimlipa shilingi 70,000 kwa jumla, zikiwemo dawa na nauli ya bodaboda. Watu wa nyumbani waliniambia kwamba fedha hiyo ingetosha kununua matetea wawili, na ni kweli, lakini sijutii hata shilingi moja.

Tetea alianza kwa kujitenga na wenzake, akawa anainyoosha shingo na kuipindapinda kana kwamba anameza kitu kisichoshuka. Jioni kifuko chake, pale chini ya shingo chakula kinapokaa kwanza, kilikuwa kimetuna, jambo ambalo halikunishtua kwa kuwa kuku aliyeshiba hulala hivyo. Kilichonishtua ni kukikuta asubuhi, kabla sijawapa chakula, kikiwa kimejaa vilevile wakati vya wenzake vyote vilikuwa bapa. Duka la pembejeo nililolikimbilia liliniuzia unga wa oksitetrasaiklini, yaani antibiotiki, wa kuchanganya kwenye maji bila kuniuliza swali lolote. Nilimpa kwa siku mbili, na siku ya tatu mdomo wake ukaanza kunuka kama togwa lililochacha. Jirani akanishauri nimning'inize kichwa chini na kumkamua.

Namshukuru Mungu kwamba nilimpigia daktari kwanza. Alinikataza katakata kumning'iniza, akieleza kwamba majimaji yanayotoka kifukoni huweza kuingia kwenye njia ya hewa na kumuua kuku papo hapo, kisha akaniagiza nimtenge na nisimpe chakula usiku ule ili amkute asubuhi na kifuko kama kilivyo. Alipofika hakuanza na dawa. Alimpima uzito, akamfungua mdomo kutafuta utando mweupe, akampapasa tumbo kuhakikisha kwamba hana yai lililokwama, akakichunguza kinyesi, kwa sababu, alisema, mara nyingine kifuko husimama kufanya kazi kutokana na ugonjwa ulio mahali pengine mwilini. Mwishowe alikibonyeza kifuko taratibu na kunishikisha vidole mahali pale: juu palikuwa laini kama mfuko wa maji, na ndani yake kulikuwa na donge gumu. Kumbe matatizo yalikuwa mawili. Donge lilikuwa limeziba njia, na chakula kilichobaki nyuma yake kikachacha na kuota fangasi, ambao dawa niliyonunua haiwaui, bali huwapa nafasi zaidi kwa kuwaua bakteria wanaoshindana nao.

Siku hiyo alijaribu maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo kwa mpira mwembamba, akakisugua kifuko, lakini donge halikulegea. Kesho yake alipasua. Nilimshika tetea mwenyewe, nikiwa nimemfunga taulo, naye daktari akanyonyoa manyoya machache, akachoma ganzi kwa kipimo kidogo sana kulingana na uzito wake, akapasua ngozi na kisha kifuko chenyewe. Alichokitoa ni fundo la nyasi ndefu lililosokotana na nyuzi za plastiki za kiroba, na kiroba hicho nilikijua: ndicho nilichokuwa nikifunikia pumba bandani. Alikiosha kifuko, akakishona peke yake, kisha akaishona ngozi peke yake. Kwa mtu anayefikiria kwamba kuku hastahili kazi ya makini kiasi hicho, ningetamani angekuwepo.

Baada ya hapo nilimpa chakula kilicholowekwa kikawa laini, kidogokidogo mara kadhaa kwa siku, pamoja na dawa ya maji ya nistatini, ileile wanayopewa watoto wachanga wenye utando mdomoni. Dawa hii haisambai mwilini, hufanya kazi pale tu inapowagusa fangasi, hivyo nilimpa kabla ya kula. Mayai ya kipindi chote cha matibabu niliyatupa kama nilivyoelekezwa. Siku ya 12 daktari alirudi kutoa nyuzi, na kifuko cha asubuhi kilikuwa bapa.

Kasoro yake ni kwamba hakuniachia maelekezo ya dawa kwa maandishi, na jioni ya kwanza, nilipochanganyikiwa kuhusu kipimo, simu yake haikupokelewa hadi asubuhi. Usiku ule sikulala. Mwombe aandike kabla hajaondoka, na mtajie dawa yoyote uliyokwisha kumpa kuku, hata ile unayoona aibu kuitaja, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza.