Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kwa kitako cha bunduki ya zamani: haya nayakubali, ile dawa ya weusi hapana

Naanza na maksi kabisa: mafuta nyota 4, dawa ya weusi (ile ya kurudishia chuma rangi nyeusi) nyota 2 tena kwa huruma.

Bunduki yenyewe ni ya bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi), Mauser 98, ule mtindo wa 1898 wenye ukucha mrefu wa chuma unaoidaka risasi tangu inapotoka magazini. Ilikuwa ya jeshi, baadaye ikageuzwa ya kuwindia. Fundi bunduki aliikagua chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa) na bolti kwanza akasema iko salama (hii hatua msiruke jamani, urembo unasubiri), ila sura sasa, vanishi inabanduka kama nyoka anajivua gamba.

Vanishi niliitoa kwa dawa ya kuvulia rangi maana msasa unakula mbao, ukija kushtuka chuma kimekaa juu ya mbao na mihuri ya zamani imefutika. Palipobonyea niliweka kitambaa kimelowa nikapitisha pasi ya moto, mvuke unavimbisha mbao inarudi juu, lakini palipokatika kabisa hapainuki hata upige pasi mpaka kesho.

Haya, mafuta. Chukua yale yanayoitwa ya kuchemshwa, ingawa mengi hayajachemshwa popote, yametiwa tu dawa ya kukausha, ukichukua mabichi utakaa wiki nzima bado yananata. Mkono wa kwanza wa kupaka nilimwaga kwa fujo nikaenda kulala, asubuhi nakuta gundi. Kumbe ni matone machache tu, unasugua na kiganja mpaka kipate moto, unafuta yaliyobaki, unaacha siku nzima, unarudia. Mimi nilifika mikono 9 na ile mbao ya walnati imetoa mishipa ambayo sikujua kama ipo, aisee. Nyota 1 nimekata kwa sababu maji hayazuii vizuri, ukinyeshewa lazima urudie kupaka. Na matambara ya mafuta haya usiyarundike pembeni, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, kweli kabisa, yatandaze nje moja moja yakauke.

Dawa ya weusi ya kupaka baridi mtutu ulipendeza siku ya kwanza, nilikuwa nimeondoa grisi yote kwa asetoni na kila kitu, lakini baada ya kuushikashika kidogo kingo zimeanza kung'aa nyeupe. Kwa kuficha mkwaruzo mdogo sawa, mtutu mzima mpelekee fundi.

Darubini nimeacha kwanza. Hii yangu mkono wa bolti umenyooka, ukiuinua unagonga darubini, kwa hiyo ukatwe au ukunjwe, sefti (kile kifungo cha usalama) nayo ibadilishwe, halafu utoboe chuma matundu, na tundu ukishatoboa ndo limetoka hilo. Macho bado yanaona, natumia vilengeo vyake vya zamani.