Lushoto: niliuliza habari za mfalme, nikaahidiwa kima

"Mbega? Wapo, mama, wengi tu. Kesho tutawaona msituni Magamba."

Hilo ndilo jibu nililopewa na muongozaji wetu nilipomuuliza habari za Mbegha. Mimi namuulizia mfalme, mwenzangu ananiahidi kima. Nimekasirishwa na watu wengi katika maisha yangu, makonda wa Mbagala wakiwemo, na wao wana kipaji. Lakini siku ile nilisimama katikati ya njia nikakosa hata la kusema. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu nimengoja hasira ipoe ndipo niandike.

Nieleze ilivyokuwa. Mama yangu mzazi ni Msambaa na bibi kazikwa huko huko, ila mimi nimezaliwa Dar, Kisambaa changu kinaanzia "onga maundo" na kuishia "hongea". Likizo ya watoto hii iliyopita nikasema basi, binti yangu wa darasa la sita naye akaone milima ya kwao. Tukaenda watatu, mimi, yeye na shemeji yangu. Nikalipia kwenye ofisi moja pale mjini (siitaji, wanajijua) siku tatu za matembezi, na kwenye bango lao wameandika kwa herufi kubwa HISTORIA YA USAMBARA. Elfu sitini kwa kichwa, mtoto nusu. Bango lile ndilo lililonitoa pesa. Mandhari mtu unayaona bure dirishani mwa basi, kuanzia pale Mombo gari linapoaga joto na kuanza zile kona za kwenda Soni.

Kijana mwenyewe hana tatizo la adabu. Shikamoo aliitoa kabla sijamaliza kushuka ngazi, na begi la mtoto akalidaka. Shida ilianza alipoanza kazi. Kanisa hili, la Mjerumani. Jengo lile, la Mjerumani. Mji wenyewe uliitwa Wilhelmstal, jina la mfalme wao, na gavana akichoshwa na joto la Dar es Salaam alikuja kupumzikia huku. Sawa, hayo ni kweli, sibishi. Halafu akafunga hesabu: "Kabla ya hapo, palikuwa pori tu."

Binti yangu alikuwa na daftari. Nikamwona anaandika, kwa ule mwandiko wake wa mviringo: Kabla ya Wajerumani, Lushoto palikuwa pori tu. Akatoa rula, akapiga mstari chini yake.

Rula, jamani.

Pori gani? Krapf, mmisionari, naye Mjerumani huyo huyo, alipanda milima hii mwaka 1848 akitokea upande wa Mombasa, akaenda mpaka Vuga, mji mkuu wa Wasambaa, kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai na kumwomba nafasi ya kuhubiri. Akarudi tena 1852. Serikali ya Kijerumani hata haikuwa imeota kuja. Mtu anapiga hodi porini? Anamwomba nani, nguruwe? Huyo Kimweri alikuwa anatambulika kutoka milimani mpaka kwenye miji ya pwani. Hayo yote nilimwambia kijana kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu ya mtoto, nikamalizia na swali langu: "Na Mbegha je, yule babu wa Wakilindi wote, ukoo wa wafalme?" Ndipo akanipa kima.

Mchana tukaenda Irente. Hapa nitakuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Unatoka kwenye vishamba vya kabichi na karoti, njia inapita kwenye miti, halafu ghafla ardhi inakatika miguuni mwako. Chini kabisa nyika imelala, mkonge umepangwa mistari kama ukili kwenye mkeka, na barabara kuu ni uzi tu. Shemeji alikaa chini kwa woga akajifanya anafunga kamba za viatu. Ningeipa Irente nyota tano na nisingeongeza neno, kama yule kijana asingenyoosha kidole na kusema: "Pale chini ni Mazinde. Kuna mashamba ya mkonge."

Nikangoja aendelee. Hakuna kilichofuata.

Mazinde! Alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri, aliyeona mbali kuliko ndugu zake waliobaki mlimani, akaenda kuketi bondeni kwenye njia ya misafara ya pembe za ndovu. Baba yao alipofariki mwaka 1862 ukoo ukagawanyika, Vuga ikapigwa na mtu wa Mazinde, nchi ikaingia vitani miaka na miaka. Mwanawe Semboja aliyeitwa Mputa alikuwa mtawala wa Vuga, na hao hao waliotuachia makanisa mazuri walimnyonga mwaka 1895. Ukisimama Irente unaitazama hadithi yote hiyo kwa macho yako, na wewe unaniambia mkonge?

"Shemeji," akasema shemeji yangu, bado anafunga kamba, "umekuja kutembea au kusahihisha mitihani?"

Jioni nikapitia ofisini. Yule dada wa mezani alikuwa anakula mihogo ya kukaanga, simu imeegemezwa kwenye chupa ya pilipili. Nikamweleza kwa utaratibu, nikamwonyesha bango lao wenyewe ukutani. Hakuinua macho kwenye simu.

"Mama, ungesema mapema kama unataka hadithi za wazee. Hiyo ni pakeji nyingine."

Nikamuuliza hiyo pakeji nyingine ni bei gani.

"Kwa sasa hatuna."

Naomba mlioko huko mnielewe. Maneno hayo nimelala nayo, nimeamka nayo, nimerudi nayo Dar. Ya Mjerumani ni historia, ipo kwenye bei. Ya bibi yangu ni hadithi za wazee, inalipiwa zaidi, na haipo. Mtu ameajiriwa Usambara, anakula mihogo ya Usambara, na bado anaona kwamba habari za Usambara ni kitu cha kuagizia. Ningekuwa na uwezo wa kuweka nyota chini ya sifuri ningeweka usiku ule, nikiwa nimejifunika mablanketi mawili na sweta juu, kwa sababu baridi nayo haikunionea huruma.

Siku ya pili Magamba. Nilikwenda nimenuna, na nilikuwa nimepania kununa mpaka jioni. Haikuwezekana. Yule kijana ukimwingiza msituni ni mtu mwingine. Habari za Mjerumani zinamtoka kichwani, miguu inakuwa kama haigusi chini. Akatuonyesha mkulo, mti mnene ambao watu watatu hawaukumbatii, akaokota jani lililoanguka akalifikicha na kumnusisha mtoto. "Kafuri," akasema. Shemeji akanusa akarudi nyuma: "Harufu ya msibani hii." Tulicheka wote, hata mimi, na nikajichukia kidogo kwa kucheka.

Kisha akasimama ghafla mbele ya kichaka. Sisi hatukuona kitu. Akanyoosha kijiti polepole, na kwenye ncha ya kijiti ukatokea mguu, vidole vimegawanyika kama koleo, ukashika. Kinyonga. Kijani chenye mabaka, puani ana vipembe viwili vimekaa sambamba kama vya kifaru mdogo. Jicho moja lilikuwa linamtazama binti yangu na jingine linanitazama mimi. Sisi wa Pwani tumelelewa kumkimbia kinyonga, lakini mtoto alisogea mpaka pua yake na vile vipembe vikabakiza sentimita chache. Kijana akamweleza kwamba aina ile ni ya milima hii tu, kisha akamrudisha kwenye tawi lile lile alilomkuta, si la jirani. Hilo nililiona.

Na mbega tukawaona, ndiyo. Walikuwa juu kabisa, weusi wenye manyoya meupe mabegani kama wazee wa baraza waliovaa mitandio. "Hawa ndio mbega wako, mama," akasema, na hapo akajisahau, akatabasamu vibaya. Tabasamu la mtu anayejua.

Nikambana. Tulikaa kwenye gogo, nikamwambia, mwanangu, niambie ukweli, jana ulijua nilikuwa namuuliza nani? Akatazama viatu vyake. "Nilijua, mama. Nilisema labda utacheka na itapita."

Akatoa mfukoni karatasi mbili zilizochapwa, zimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Nikazisoma zote pale pale. Zinaanza na Mjerumani, zinaishia na Mjerumani. Hata lile ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima inalipanda madirishani limo kwa sababu tu lilipewa jina la ofisa mmoja wa Kijerumani wa Tanga, kana kwamba kabla yake lilikuwa halichanui. Kijana akaniambia tajiri wake ndiye aliyempa, kwamba wageni wengi wanatoka huko huko Ulaya na hicho ndicho wanachokipenda, na mwongozaji akitoka nje ya karatasi na mgeni akilalamika, hapangiwi safari nyingine. Ana mke na mtoto mchanga.

Mngetegemea nilainike. Nilizidi kukasirika! Asiyejua nitamlaumu vipi? Lakini huyu anajua, na amemtazama mwanangu akipiga mstari wa rula chini ya uongo. Nikamwambia hivyo. Hakujitetea. Akasema tu, "Kesho kwenye ratiba yenu kuna soko. Mkiliacha soko, nitawapeleka Vuga. Hiyo haipo kwenye karatasi, wala msinilipe."

Tulishuka na haisi mpaka Soni, kutoka hapo bodaboda (nililipa mimi, nisingekubali vinginevyo). Sasa wewe unayesoma ukipanga kwenda, usitegemee kasri. Sisi tulipofikia ni migomba, nyumba za bati, mbuzi wawili waliofungwa kwenye mti wa peasi, na mzee mmoja kwenye benchi ambaye kijana anamwita babu. Hakuna hata kibao. Mji ambao watu walikuwa wanaukaribia kwa kunong'ona, leo unaupita ukidhani ni kona ya kawaida.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikajieleza mpaka kwa bibi. Akatikisa kichwa, akamtazama mtoto na daftari lake, akauliza anaandika nini. Mimi kwa kiherehere changu nikadakia, nikasema anaandika habari za Mbegha, Msambaa wa kwanza kuwa mfalme. Mzee na kijana wakatazamana, wakacheka mpaka mbuzi wakageuka.

"Nani kakwambia Mbegha ni Msambaa?"

Kumbe na mimi nilikuwa na karatasi yangu. Mbegha alitoka Ungulu, kwa Wangulu. Alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na watu wa kwao walimwogopa mpaka akakimbia. Akaja huku na mbwa wake, mwindaji wa nguruwe, na nguruwe ndio waliokuwa wanawamalizia Wasambaa mashamba. Yeye akawapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani, wakampa na mke. Siku alipoua simba ndipo wakamwita Simba, na wafalme wa Wakilindi wakawa wanasalimiwa Simba Mwene. Mzee aliyasema hayo taratibu, akingoja kalamu ya mtoto imfikie. Akamfundisha na maneno mawili, kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Mvua ikikataa, mfalme ndiye aliyekuwa anaulizwa. Kisha akaruka mpaka enzi za Mwingereza na yale matuta ya kulazimishwa yaliyoanzia Mlalo, namna watu walivyoyagomea mpaka mpango ukafa, na yeye akiwa mtoto wa kubeba jembe la mama yake. Pale nadhani nusu nilikosa, kwa sababu alihamia Kisambaa na kijana alikuwa anacheka badala ya kutafsiri.

Haya, nyota. Nimezibadilisha mara tatu tangu nianze kuandika. Milima, tano. Kijana, sijui. Msituni tano, mjini moja, Vuga sina kipimo, na bado sijamsamehe ile ya kima, ingawa nimempa kitu cha mtoto wake mchanga na tumepeana namba. Ofisi, moja. Hapana, mbili, maana wao ndio waliompangia kijana huyo huyo siku zote tatu. Hapana. Nikikumbuka ile mihogo, moja.

Juzi nimefungua daftari la binti. Ule mstari wa pori tu haukufutwa, uko pale pale na rula yake. Chini yake ameandika: Babu wa Vuga amekataa. Nimeupiga picha ukurasa huo nikaituma ofisini kwao, nikaomba nirudishiwe nusu ya pesa ya historia. Wamejibu kwamba watanipigia.