Mzee wa Kilatini anayesoma vitabu vya ubatizo: nimemlipa mara tatu sasa

Mume wangu ni wa huku Italia, kwao ni milimani upande wa Belluno, na baba mkwe tangu afikishe miaka 80 hana wimbo mwingine, anataka kujua babu ya babu yake alikuwa mtoto wa nani. Kwa hii nyumba mimi ndio wa kompyuta, so kazi ikawa yangu.

Upande wa serikali haukunisumbua. Tovuti ya Antenati, ile ya hifadhi za nyaraka za taifa, ni ya bure, unafungua picha za kurasa zenyewe hata kwa simu. Lakini Veneto, mkoa wenye hiyo Belluno, serikali ilianza kuandikisha watu kabisa 1871, kabla ya hapo kuna kale kakipindi ka utawala wa Napoleon tu, zingine zote waliandika mapadri. Ukitaka kurudi nyuma zaidi unaenda parokiani, maana Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1563 ndio uliwaamuru maparoko waweke vitabu vya ubatizo na ndoa. Paroko wa kijiji akatukubalia tupige picha bila flashi, Mungu ambariki, tukarudi na picha 11 na hapo ndio nikajua sijui kusoma. Mume wangu Mwitaliano wa kuzaliwa naye hajui. Ni Kilatini, tena kimekatwakatwa, wino umefifia, na huyo padri wa 1743 aliandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Kwanza nilijaribu programu moja ya kulipia inayosoma mwandiko wa mkono, jina naliacha. Dakika mbili imemaliza, maandishi masafi, nikafurahi. Kumbe palipoandikwa "14 7bris" imenipa tarehe 14 Julai, na "qm" imeigeuza jina la ukoo! Wiki tatu nzima tulikuwa tunajenga ukoo wa watu ambao hawajawahi kuwepo duniani, baba mkwe ashawaambia mpaka majirani.

Ndio mtu akanielekeza kwa huyu mzee, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Anachaji euro 12 kwa rekodi moja. Unapata maneno ya Kilatini yote yamechapwa, tafsiri ya Kiitaliano, na maelezo yake chini, na hayo maelezo ndio unalipia kusema ukweli. 7bris ni Septemba aki, saba kwa Kilatini ni septem, na ndivyo 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Na qm ni quondam, yaani marehemu. Kwa hivyo "Antonii qm Ioannis Baptistae" ni Antonio mtoto wa marehemu Giovanni Battista, vitabu vya Kiitaliano huandika "fu" hapo. Herufi mbili tu na ushajua kwamba mwaka 1743 yule babu alikuwa keshakufa, usihangaike kumtafuta kwa vitabu vya vifo vya baadaye.

Kilichonimaliza ni hiki. Tulikuwa na Giovanni Battista wawili, wa 1741 na wa 1743, baba mmoja mama mmoja, na sisi tukaamua padri alikosea akaandika mtoto mara mbili. Mzee akasema hapana, nileteeni ukurasa wa vifo wa 1741. Tukampelekea. Yule wa kwanza alibatizwa na mkunga nyumbani kwa sababu alizaliwa anakata roho, akaishi siku tano. Wa pili akapewa jina lile lile kwa sababu jina la babu lazima lisimame. Mume wangu akashangaa, mimi Mkikuyu wa Nyeri sikushangaa, kwetu kijana wa kwanza si ni jina la babu mzaa baba, kuna mjadala gani hapo.

Sasa malalamiko. Anafanya kazi polepole kupita kiasi, rekodi nne zilichukua siku tisa na hajibu imeli wikendi. Picha za WhatsApp hazitaki, zinapoteza ubora, utume faili lenyewe. Na usikate picha ukamtumia mistari yako mitatu tu, atakurudishia, anataka ukurasa mzima ndio alinganishe vile huyo padri anaandika herufi zake kwa maneno ambayo yanajulikana, maana s ndefu, ile s ya maandishi ya zamani, inafanana na f na u na v ni kitu kimoja. Hilo niliona ni usumbufu mwanzoni, saa hii namwelewa. Halafu penye shaka hakisii. Anaweka alama ya kuuliza anaendelea. Jina la ukoo la bibi mmoja aliniachia na alama ya kuuliza na pesa nishalipa, nikakasirika kweli, mpaka tulipopata rekodi ya ndoa yake ndio likasomeka, na sio lile ambalo mimi ningeweka.

Hakutafutii kitabu lakini, ujue hivyo. Kupiga simu parokiani na kubembeleza ni juu yako.

Nampa nyota 4, ile moja ni ya zile siku tisa. Sasa ametuambia tuombe status animarum, kile kitabu padri alikuwa anahesabu watu nyumba kwa nyumba wakati wa Pasaka, na baba mkwe ashavaa viatu anauliza tunaenda lini.