Mafuta ya Samaki kwa Moyo na Hisia: Soma Nyuma ya Chupa Kabla ya Kulipa

Katika maduka mengi ya dawa, chupa za mafuta ya samaki hupangwa mahali pa kuonekana, na nyingi kati yake zimeandikwa miligramu 1000 kwa tarakimu kubwa. Tarakimu hiyo ndiyo inayouza chupa, nayo ndiyo inayowapoteza wanunuzi, kwa sababu inataja uzito wa mafuta yote yaliyomo ndani ya kidonge. Anayenunua kwa ajili ya moyo au hisia anatafuta EPA na DHA, aina mbili za mafuta yaitwayo omega-3 ambazo ndizo zimechunguzwa, na kiasi chake kimeandikwa nyuma kwa maandishi madogo. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1000 huwa na EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120, yaani 300 tu. Zilizobaki ni mafuta mengine ya samaki.

Tuchukue mfano wa chupa mbili zilizowekwa juu ya kaunta. Tuseme ya kwanza inauzwa shilingi 30,000 za Tanzania na ina vidonge 100 vya kawaida, na ya pili inauzwa shilingi 45,000 na ina vidonge 60 tu, lakini kila kimoja kina EPA miligramu 500 na DHA miligramu 200. Kwa macho ya haraka, chupa ya kwanza ni rahisi mno. Sasa tuseme mnunuzi ameshauriwa na daktari kupata gramu moja ya EPA kwa siku: atameza vidonge sita vya chupa ya kwanza, kwa shilingi 1,800 kila siku, au viwili vya chupa ya pili, kwa shilingi 1,500. Chupa iliyoonekana ghali ndiyo nafuu, tena inampunguzia mtu kazi ya kumeza. Hesabu hii huchukua dakika moja kwenye simu, nami naomba kila mnunuzi aifanye palepale dukani kabla ya kutoa pesa.

Kabla ya kupanga chaguo, ni haki kueleza mafuta haya yanaweza nini, maana ahadi nyingi za kwenye vibandiko zimezidi ukweli. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao VITAL, uliohusisha watu 25,871: gramu moja ya omega-3 kwa siku haikupunguza kwa kiwango cha kuaminika mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja. Mwaka huohuo utafiti wa ASCEND wa Uingereza, kwa watu 15,480 wenye kisukari, ulifikia jibu linalofanana na hilo. Utafiti uliotoa matumaini, REDUCE-IT, ulitumia dawa ya EPA pekee, gramu 4 kwa siku, kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa kwenye dawa za kushusha lehemu na bado trigliseraidi zao, yaani aina nyingine ya mafuta ya damu, zilikuwa juu. Nao umebishaniwa kwa sababu watu wa kundi la kulinganishia walipewa mafuta ya madini, ambayo huenda yaliwadhuru na kuifanya dawa ionekane bora kuliko ilivyo. Dawa ile huandikwa na daktari, na vidonge vya rafuni haviwezi kuchukua nafasi yake. Kwa upande wa hisia, washiriki wa VITAL waliofuatiliwa kwa takriban miaka mitano hawakukingwa na sonona. Hata hivyo, kwa watu ambao tayari wana sonona, tafiti kadhaa zimeonyesha nafuu ya wastani pale EPA inapokuwa asilimia 60 au zaidi ya omega-3 yote na inapotumika pamoja na matibabu. Nasisitiza neno pamoja: anayetumia dawa za sonona au za shinikizo la damu asiziache kwa sababu amenunua chupa hii.

Kwa mtu mwenye afya anayetaka kuutunza moyo wake, nafasi ya kwanza naipa samaki mwenyewe. Shirika la Moyo la Marekani hushauri samaki mara mbili kwa wiki, hasa wenye mafuta, na sisi tuna vibua na dagaa kwenye masoko, pamoja na sadini wa kopo ambao gramu 100 zake huweza kutoa takriban gramu moja ya omega-3 hizi. Pesa hiyo hiyo inaleta pia mboga ya mezani.

Nafasi ya pili ni vidonge vilivyokolezwa, kama vile vya chupa ya pili katika mfano wetu, na kwa anayenunua kwa ajili ya hisia hivi ndivyo vinapanda kuwa vya kwanza, kwa kuwa EPA ya kutosha haipatikani kirahisi kwingine. Vidonge vya kawaida ni vya tatu. Si vibaya: kimoja kinavuka miligramu 250 za EPA na DHA ambazo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huzitaja kuwa zinamtosha mtu mzima kwa siku, basi asiyekula samaki kabisa anaweza kuridhika navyo. Mafuta ya mwani ni ya nne, yanawafaa wasiotaka kitu cha mnyama, ila mengi yana DHA zaidi kuliko EPA.

Ya tano ni mafuta ya ini la samaki, yale ya chupa tuliyonyweshwa kwa kijiko utotoni. Nayaweka chini kwa sababu yana vitamini A na D, na anayeongeza vijiko ili apate omega-3 anaongeza vitamini A pia, ambayo ikizidi hudhuru. Mjamzito asiyatumie; NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inalisema hili waziwazi. Ya mwisho ni mafuta ya krili, wale wanyama wadogo wa baharini jamii ya kamba: kidonge chake huwa na EPA na DHA kidogo na bei yake iko juu.

Ukishachagua aina, kagua chupa yenyewe. Mafuta haya huharibika kwa joto, mwanga na hewa, na dirisha la duka linalopigwa na jua la Dar es Salaam au Mombasa si mahali pake. Niliwahi kununua chupa ambayo tarehe yake ilikuwa bado mbali, nikameza kwa wiki mbili nikivumilia kucheua harufu nzito, mpaka nilipotoboa kidonge kimoja kwa pini juu ya kijiko. Mafuta yalinuka kama rangi ya kupaka ukutani. Mafuta mazima hunuka samaki kwa mbali tu, kwa hiyo toboa kidonge cha kwanza siku ileile unayofungua, na risiti iwe bado mkononi.

Kwa Waislamu, ganda la kidonge lina swali lake. Jelatini yake inaweza kutokana na ng'ombe, samaki au nguruwe, na kibandiko kinachosema jelatini bila kutaja mnyama hakijamjibu mnunuzi; tafuta kilichoandikwa jelatini ya samaki au chenye alama ya halali.

Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji, na mwenye historia ya moyo kudunda bila mpangilio, aanze kwa daktari, kwani dozi kubwa za omega-3 zimehusishwa na ongezeko la tatizo hilo la mdundo. Aende na chupa yenyewe, au picha ya upande wake wa nyuma.