Masomo yangu sita ya dansi ya tango Buenos Aires

Nililipia masomo sita mtaa wa San Telmo, muda wa saa moja na nusu kila jioni. Somo likiisha, ukumbi huohuo unageuka milonga, yaani dansi ya tango ya usiku, watu wanabaki kucheza mpaka usiku wa manane. Nilikwenda nikiamini kwamba dansi nzuri ni ile anayoipenda mtu, basi. Sasa siamini hivyo.

Siku ya kwanza hatukufundishwa mikogo yoyote. Mwalimu alinitembeza tu, nyimbo za bendi ya Carlos Di Sarli, kiganja chake mgongoni kwangu. Kila nilipotanguliza mguu kabla uzito haujahama, alisimama. Wala hakuwa ananitazama, alikuwa amefumba macho! Kosa langu alilipata kwa mkono.

Usiku wa tatu nilicheza na wawili. Kijana alinizungusha, akanirushisha mguu, ile wanayoiita boleo, meza nzima ikageuka kumwangalia. Mimi nilikuwa nahangaika nisianguke, na kisigino changu kikamgonga dada aliyekuwa nyuma. Baadaye mzee mmoja akaniomba dansi kwa ishara ya kichwa kutoka meza ya mbali, nikaitikia. Tulicheza nyimbo nne, karibu zote kwa kutembea. Fidla ilipovuta sauti akatulia, nami nikajikuta nimetulia naye. Rafiki niliyekwenda naye anashikilia kwamba kijana ndiye fundi. Lakini rafiki huyo alikuwa ameketi.

Ladha ipo, sikatai. Kati ya viongozi wa bendi za tango, mimi D'Arienzo ananiamsha kwa mapigo yake ya haraka. Pugliese, mzito na wa kuvutavuta, wenzangu walimlilia, mimi alinichosha. Hata kwenye Mundial, mashindano ya dunia yanayofanyika mjini humo tangu 2003, alama za majaji hupishana. Ila kwa tango de pista, tango ya ukumbini, kanuni ni moja kwa wote: muziki ukilia kumbatio halivunjwi, na hakuna kuruka. Yule mzee angezitimiza bila kuzisoma.

Kasoro: wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, kwa hiyo nilikaa benchi sana, na somo la tano alikuja mwalimu mwingine akatukaririsha hatua nane kama shairi la shuleni. Siku hiyo sikupata kitu. Hizo tano nyingine ningelipa tena kesho. Ukienda, vaa viatu vya soli ya ngozi. Raba zinang'ang'ania sakafu na goti ndilo linaloumia.