Kisoma kodi na geji ya presha: uzoefu wangu masega ya Fielder yalipoziba

Mlima Kitonga ndio ulionifumbua macho. Toyota Fielder yangu ya 2003, injini 1ZZ, ilikuwa inaupanda bila shida hata tukiwa watu wanne na mizigo. Safari hii nilikanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale wa mizunguko ya injini ukagoma kwenye 3,000, gari likawa linatambaa nyuma ya lori. Sakafu ya upande wa abiria ilipata moto mpaka mdogo wangu akapandisha miguu kwenye kiti.

Iringa, fundi wa kwanza akabadili plagi na chujio la petroli. Wa pili akasema ni gia boksi. Wa tatu akanipa jibu la kila gereji kuhusu masega, yaani kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi: "Dada, masega yameziba hayo. Tuyatoe tuweke bomba tupu, wala sikudai hela." Bure hiyo ina sababu yake: ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa hayo madude wanapita gereji hadi gereji. Nilikataa. Hakuwa amepima kitu, na hakuniambia yamezibwa na nini.

Niliporudi Dar nikanunua vitu viwili Kariakoo: kisoma kodi cha bluetooth, ELM327 (kifaa kinachosoma kodi za hitilafu za injini na kuzileta kwenye simu), kwa shilingi 30,000, na geji ya presha ya moshi inayofungwa kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya bomba la ekzosi.

Nilichomeka kisoma kodi chini ya usukani, simu ikaleta P0420 na P0302. Ya kwanza inasema masega hayasafishi moshi ipasavyo, na wengi wakiiona wanakimbilia kununua mengine. Ya pili inasema silenda namba mbili inamisi, yaani haiunguzi petroli ipasavyo, na kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa na habari yote. Nikahamishia koili ya silenda ya pili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, kwenye silenda ya tatu, nikafuta kodi, nikazunguka mtaani dakika kumi. Ikaja P0303. Ugonjwa umeifuata koili! Kumbe petroli isiyoungua kwenye injini ilikuwa inakwenda kuungulia ndani ya masega. Hapo nikakumbuka kwamba wiki kadhaa kabla ya safari taa ya cheki injini ilikuwa inapepesa. Ikipepesa, maana yake injini inamisi kiasi cha kuchoma masega muda huohuo, na mimi niliendelea kuendesha. Inaniuma mpaka leo.

Geji ilinisumbua kidogo, maana sensa ya mbele, iliyo kabla ya masega, ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Nililowesha nati kwa mafuta ya kulegezea usiku kucha, asubuhi nikawasha injini ipate joto kidogo, ikakubali. Bila kukanyaga mafuta geji ilisoma psi 2.5 (psi ni kipimo cha presha). Kwenye mizunguko 2,500 ikafika 7, wakati masega mazima hayatakiwi kuvuka 3. Hapo sikuhitaji tena maoni ya mtu.

Ile dawa ya kusafishia masega inayomiminwa kwenye tangi niliijaribu pia, haikubadilisha lolote. Tulipoyashusha nikamulika tochi nikaona kwa nini: vile vitundu vya kauri vilikuwa vimeyeyuka vikagandana, kama sukari iliyoungua sufuriani. Kitu kilichoyeyuka hakisafishiki.

Nilifunga koili mpya kwanza. Kisha nikaenda Gerezani kutafuta masega yaliyotumika kutoka Japani. Nilikataa mawili: moja lilikuwa linagonga ndani nikilitikisa, jingine mwanga wa tochi haukupenya. La tatu lilipita. Baada ya kulifunga, geji ikasoma chini ya 1 kwenye mizunguko ileile, na kwenye simu sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega, imetulia, haifuatishi tena kupanda na kushuka kwa ile ya mbele.

Kasoro za kisoma kodi: bluetooth inakatika-katika, na baadhi ya magari ya zamani ya Japani hakiyasomi kabisa. Mwombe muuzaji akuruhusu kukijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Geji sina lawama nayo.

Mwezi uliopita nimepanda Kitonga tena, mizunguko ikafika 4,500 bila kusita. Kilichobaki ni oili. 1ZZ za miaka hiyo zinajulikana kwa kuila, na oili inayoungua huacha masalia yanayofunika masega polepole. Kwa hiyo kila Jumamosi nachomoa kijiti cha oili, naandika kiwango kwenye daftari, na hela ya ringi za pistoni nimeshaanza kuitenga.