Vitabu vya kusikiliza: ninavyompima msimulizi kabla ya kununua

Kitabu cha kusikiliza sikipimi kwa sura ya kwanza. Mwanzoni kila msimulizi anajitahidi, koo bado safi, na aya za kufungulia amezirudia mpaka zimekaa sawa. Ninaruka hadi katikati, natafuta mahali ambapo watu wawili wanajibizana, nasikiliza dakika tano. Hapo ndipo panaponiambia kama nitaivumilia sauti hiyo kwa saa nane.

Sauti nzuri peke yake haitoshi. Kwa Kiswahili natanguliza matamshi, kwa sababu yakiharibika yanaondoka na maana. Msomaji anayechanganya r na l anageuza mahari kuwa mahali na kura kuwa kula. Asiyeitoa th vizuri anasoma "thamani ya nyumba" na msikilizaji anaambulia "samani ya nyumba", sentensi ambayo nayo ina maana yake, kwa hiyo hutagundua kosa hadi hadithi ikupite. Lafudhi ya mahali haina shida kwangu. Mwenye lafudhi ya Kimvita au ya Kiunguja anaweza kusimulia vizuri sana, mradi sauti anazitofautisha.

Mkazo nao una mitego. Chukua sentensi hii: "Mzee aliijua barabara." Mkazo ukiangukia "ba" ya pili, mzee anaijua njia. Ukiangukia "ra" ya kwanza, mzee anaijua habari ile sawasawa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo, na anayesoma ukurasa kwa mara ya kwanza mbele ya maikrofoni atabahatisha. Swali ni vilevile. "Amekufa" na "Amekufa?" yana herufi zilezile, kiimbo ndicho kinachoyatenga. Msomaji anayeshusha sauti mwisho wa kila sentensi anageuza maswali yote kuwa taarifa, na mazungumzo yanakuwa kama watu wawili wasiosikilizana.

Kosa linalonikera zaidi ni riwaya kusomwa kama taarifa ya habari: kasi moja, uzito mmoja, msiba na harusi vinatangazwa sawa. Upande wa pili yuko anayeigiza kupita kiasi, anabana pua akifika kwa mwanamke na kukohoa kila mzee anapofungua mdomo. Baada ya saa moja masikio yamechoka. Ninaowapenda hubadilisha kidogo tu. Mhusika mmoja anasema taratibu, mwingine anakata maneno, na kabla ya kumpokeza mwingine zamu kuna kituo kifupi kama nusu sekunde. Hiyo nusu sekunde inafanya kazi kubwa kuliko kubana pua. Na kitabu kikiwa na shairi ndani yake, sikiliza mshororo wa mizani 16: asipotua kidogo baada ya mizani ya 8, vina vya kati vinapotea na shairi linageuka nathari.

Sauti za kompyuta zimeboreka sana katika kutamka neno moja moja, lakini kwa riwaya bado sizinunui. Zijaribu kwenye vifupisho kama "Bw." na "n.k.", kwenye mwaka ulioandikwa kwa tarakimu, na kwenye jibu la neno moja kama "Haya." Neno hilo linaweza kuwa kukubali, kukata tamaa au kutishia. Msimulizi hodari anajua ni lipi kwa sababu amesoma kilichotangulia.

Kuhusu kasi, kitabu cha Kiswahili nakisikiliza kwa 1.0, na kwa msomaji mzito 1.2. Kuanzia 1.5 silabi ndogo zinamezwa, na kwetu silabi ndogo ndiyo inayobeba kila kitu: "angekuja" na "asingekuja" vinatengwa na "si" moja tu. Zima pia kitufe cha kuruka ukimya. Programu haijui kutofautisha kituo kilichokusudiwa na pengo lisilo na kazi, inavikata vyote, na wahusika wawili wanaunganishwa kuwa mtu mmoja.

Rekodi yenyewe naipima kwa hedifoni, si kwa spika ya simu, maana spika inaficha mwangwi wa chumba na mlipuko wa pumzi kwenye p na b. Jingine ni sauti kupanda na kushuka kati ya sura na sura. ACX, mtandao ambao wasimulizi hupitia kuuza kwenye Audible, duka la vitabu vya kusikiliza, hudai wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, na kelele ya chumba isizidi -60. Rekodi za nyumbani zisizopimwa hivyo zinakulazimisha kushika kitufe cha sauti kila baada ya dakika 20.

Kwa bando, faili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama megabaiti 29 kwa saa, ya 128 kama 58. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, 64 inatosha. Ikishushwa sana, hadi 24 au 16, s na sh zinaanza kufanana. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, na usitumie kicheza muziki cha kawaida: vingi havikumbuki ulipoishia, na ukiacha uchezaji wa kuchanganya (shuffle) umewashwa utaruka sura bila kujua. Kama sura zimeandikwa 1, 2, 3 hadi 12, zibadilishe ziwe 01, 02, 03, la sivyo baadhi ya simu zitacheza ya 10 mara baada ya ya 1.

Kabla ya kulipa, linganisha pia urefu. Msomaji asiye na haraka hutoa kama maneno 120 kwa dakika. Riwaya ya kurasa 200 zenye maneno 300 kila mmoja ni maneno 60,000, yaani dakika 500, saa nane na dakika ishirini. Ukiona imeandikwa saa tatu, hicho kimefupishwa, hata kama jalada halisemi. Muulize muuzaji kwanza.